Jina Ubavuni mwa Tofali

Kijiji cha Baituling, Jiangxi
10 Septemba 1985

Mwalimu wangu Tao Jinghuan,

Shikamoo. Leo serikali imetutangazia Siku ya Walimu, ya kwanza tangu nchi ianze kuwa na walimu, nao wanafunzi wangu wameniletea viazi vitamu na jogoo mmoja mwenye hasira. Baada ya kuwashukuru nilijiuliza mimi nimpelekee nani shukrani zangu, na jibu halikunisumbua. Kila ninachokijua kuhusu kusimama mbele ya watoto nilikipata kwako, katika chuo chetu cha ualimu huko Nanjing, kwenye kile chumba kilichovuja.

Pamoja na shukrani nina ombi. Darasa langu la mwisho linamaliza shule mwezi wa Juni, na baada ya hapo wengi wao watarudi mashambani moja kwa moja. Nataka kabla ya hapo, majira ya kuchipua, niwalete Nanjing. Shule moja huko imekubali walale madarasani mwake. Kikwazo ni kimoja, nacho kina jina: Mzee Liao Maotang, mkuu wa ukoo. Hapa karibu kila mtu ni Liao. Lori la kutufikisha stesheni ya treni liko mikononi mwake, na hakuna mzazi atakayemruhusu mtoto wake ikiwa yeye amekataa. Ameniambia, kwa upole wake wa kutisha, nimwoneshe kwanza watoto watapata nini huko.

Tafadhali tuandikie utangulizi wa mji wa Nanjing kwa ajili ya wanafunzi. Nitausoma mbele yao na mbele yake. Wasipokuja mwaka huu wa masomo, hawatakuja tena.

Mwanafunzi wako,
Gong Xiuyun


Nanjing
26 Septemba 1985

Binti yangu Xiuyun,

Marahaba. Barua yako ilifika wakati mke wangu, Ruzhen, akininyang'anya koleo kwa madai kwamba mstaafu asiye na kazi ataichimba bustani hadi aiue. Umeniokoa. Nimeandika kwa siku kadhaa, nikafuta, nikaandika tena. Hivi ndivyo unavyoanza:

“Wanafunzi wapendwa, mji mnaokusudia kuuzuru umeketi baina ya Mlima wa Zambarau na Mto Yangzi, mgongo wake ukiegemea mwamba na miguu yake ikinawa majini. Falme sita za kale, moja baada ya nyingine, ziliuchagua kuwa makao makuu yao. Zikaja, zikang'ara, zikazimika; na kila moja iliacha jina jipya juu ya jina la zamani. Kisha, yapata karne sita zilizopita, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming aliweka hapa kiti chake, akauzungushia mji ukuta ambao watu waliosafiri kutoka mbali waliutazama wakasahau walichokuja kukifanya...”

Mengine yamo katika kurasa nilizoambatanisha. Nimeziweka nasaba za wafalme kwa mpangilio, ili Mzee Liao aone kwamba hatuchezi.

Wako katika kazi ile ile,
Tao Jinghuan


Baituling
20 Oktoba 1985

Mwalimu wangu,

Ulinifundisha nisimdanganye mtu anayenitegemea, kwa hiyo sitakudanganya. Utangulizi wako ni mzuri mno, na watoto walilala.

Niliusoma katika ukumbi wa mababu, wazazi wakiwa wamesimama nyuma. Hadi mfalme wa tatu walikuwa na adabu. Kwa mfalme wa saba, kijana mmoja aliangukia bega la mwenzake. Liao Xiaohe, msichana asiyeacha swali lipite bila kulishika mkono, aliuliza kama wafalme wote hao walikula mchele, na kama walikula, nani aliulima. Nilimwambia akae. Sasa najuta.

Mzee Maotang alisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya mikono ya koti. Kisha akasema kwamba anamshukuru mwalimu wa Nanjing kwa hati yake nzuri. Akaendelea, “Lakini mwanangu, huo ni mji wa wenyewe. Sisi tukienda huko tutakuwa tunapeleka nini, zaidi ya makalio ya kukalia treni?” Ukumbi mzima ulicheka, nami nilicheka pia, Mwalimu.

Hajakataa moja kwa moja. Amesema atafikiri, na hapa neno hilo lina maana ya kukataa kwa heshima.

Xiuyun


Nanjing
11 Novemba 1985

Binti yangu,

Nilimsomea Ruzhen barua yako, akacheka hadi akaweka chini bakuli la supu. Akaniuliza, “Uliwaandikia watoto, au uliwaandikia wafalme?” Miaka yote hii tumekaa pamoja na bado ananisahihishia kazi.

Swali la yule msichana lilinikosesha raha. Nilivaa koti, nikaenda ukutani, upande wa ndani karibu na Lango la Zhonghua, ambako matofali mengi bado yana maandishi yaliyogongwa muhuri ubavuni. Unayakumbuka? Nilikuwa nikiwapitisheni pale haraka haraka ili tuwahi kulizungumzia lango. Safari hii sikulitazama lango. Nilitembea nikiwa nimeinama, nikisoma tofali moja moja, hata mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Matofali ya mkoa wenu wa kale, Yuanzhou, hujitambulisha yenyewe: ni meupe, kwa udongo wenu ule, katikati ya wenzao wa kijivu. Nilipata moja lililoandikwa jina la wilaya yenu. Nikalowesha karatasi nyembamba, nikaibandika juu ya maandishi, nikaipigapiga wino kwa kitambaa hadi herufi zikajitokeza. Nimekuwekea karatasi hiyo humu. Tazama safu ya mwisho, chini kabisa, panapotajwa mtu aliyelifyatua tofali lenyewe. Ameandikwa Liao Xingba.

Mwambie Mzee Maotang kwamba hamna haja ya kuleta kitu. Mlikwisha kuleta.

Tao Jinghuan


Baituling
8 Desemba 1985

Mwalimu wangu,

Sijui nianzie wapi. Nilipoitandaza karatasi ile juu ya meza ya ukumbi, Mzee Maotang aliitazama, kisha akatoa miwani ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. Mtu mmoja alinong'ona kwamba Liao wako wengi duniani. Mzee alimjibu bila kugeuka, “Liao wa wilaya hii ni sisi. Kama unamjua mwingine, mlete hapa tule naye chakula.” Suala likaishia hapo.

Nguruwe alichinjwa. Fataki zililipuliwa hadi mbwa wakahama. Mzee alipanda kwa miguu yake hadi kijiji cha jirani, kwa ukoo wa Peng, ambao tumegombania nao maji tangu enzi za hao wafalme wako, akawaarifu kwamba babu yake alijenga makao makuu ya nchi, na kwamba wao, kwa kadiri anavyofahamu, wamejenga mabanda mazuri ya kuku. Lori tumepewa. Tunasafiri katikati ya Machi, naye Mzee anakuja nasi.

Watoto wamebadilika. Wanachukua udongo wa kilima na kuutazama kama vile hawakuzaliwa juu yake. Wanataka kusikia habari zote za Nanjing sasa, hata wafalme. Nimeusoma tena utangulizi wako wa kwanza, na safari hii hakuna aliyesinzia.

Limebaki jambo dogo. Xiaohe ameuliza kwa nini jina la mfyatua matofali liliandikwa, na kama mfalme alimjua. Mzee alimjibu kwamba bila shaka alimjua, na kwamba huo ulikuwa mtindo wa kumheshimu fundi. Xiaohe hakuridhika. Nimewaahidi kwamba utajibu katika barua ijayo.

Kwa shukrani nisizoweza kuzipima,
Xiuyun


Nanjing
2 Januari 1986

Binti yangu,

Nimefurahi kupita kiasi. Baridi hapa imekaza, na ziwa limeganda kingoni. Nimekwenda kuonana na mkuu wa shule mtakayolala; atawapa madarasa mawili yenye majiko ya makaa. Waje na soksi nzito. Ruzhen ameanza kuulizia bata wa kutia chumvi, na anataka kujua kama watoto wa milimani wanapenda ngozi yake au wataiacha. Nijibu hilo mapema, kwa maana mimi sina amani humu ndani.

Tao Jinghuan


Baituling
25 Januari 1986

Mwalimu,

Ngozi wataila, na mifupa wataitafuna. Mwambie Mama asihangaike.

Hukulijibu swali la Xiaohe. Mwanzoni nilidhani ni haraka tu, lakini nimekaa darasani kwako miaka mitatu na sijawahi kukuona ukiliruka swali la mwanafunzi, hata lile la kipumbavu la yule kijana wa Anhui. Kwa hiyo nauliza mimi mwenyewe, na nina sababu. Mzee amemwita seremala achonge ubao wa kutundikwa katika ukumbi wa mababu mwanzoni mwa Aprili, siku ya Kufagia Makaburi. Ubao utasema kwamba mfalme wa Ming alimtukuza Liao Xingba kwa kuliweka jina lake juu ya ukuta wa makao makuu. Peng wamealikwa kuja kuutazama. Ukishatundikwa, watoto wa kijiji hiki watausoma kwa miaka mia.

Je, ni kweli?

Xiuyun


Nanjing
9 Februari 1986

Binti yangu,

Leo ni mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, nyumba imejaa harufu ya maandazi ya mvuke, nami nimejifungia kukuandikia jambo ambalo lilipaswa kuandikwa Novemba.

Si kweli. Jina halikuwekwa pale kwa heshima. Liliwekwa kwa lawama. Mfalme hakumjua Liao Xingba, wala hakuhitaji kumjua, ila siku ambayo tofali lake lingepasuka. Ukuta ulijengwa kwa matofali ya wilaya nyingi, yaliyoletwa kwa mashua kupitia Mto Yangzi, na kila tofali lilipaswa kubeba majina ya wote waliohusika nalo, kuanzia afisa wa mkoa, hadi mwangalizi wa tanuri, hadi mtu aliyekanda udongo. Wakaguzi wakiligonga tofali na kulisikia bovu, walijua mlango wa kubisha. Lile si jina la mtu aliyetukuzwa. Ni jina la mtu aliyewekwa tayari kwa adhabu.

Nililijua hili nilipokuwa nikiipiga karatasi ile wino. Sikukuandikia uongo, niliandika nusu, kisha nikaona jinsi nusu ile ilivyowasha moto, na lori likapatikana, nami nikaogopa kuleta nusu ya pili. Mimi na Ruzhen hatukujaliwa mtoto. Wageni wetu ni wanafunzi. Nilitaka sana waje.

Msomee Mzee Maotang barua hii kama ilivyo, tafadhali, wala usiipunguze makali. Ubao usitundikwe kwa sababu yangu.

Tao Jinghuan


Baituling
27 Februari 1986

Mwalimu,

Nimemsomea. Aliniomba niisome tena polepole. Kisha akauliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza. Alivaa kofia yake akatoka.

Lori limefunikwa turubai. Seremala ameambiwa aache kazi. Wazazi wawili wamekuja kuniuliza kama safari bado ipo, nami nikawajibu kwamba sijui. Xiaohe amepata jibu la swali lake na halimfurahishi. Ameniuliza kama angenyamaza mambo yangekuwa mazuri zaidi. Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua.

Sikulaumu. Labda nakulaumu kidogo. Itapita.

Xiuyun


Baituling
6 Machi 1986

Kwa Mwalimu Tao wa Nanjing,

Mimi ni Liao Maotang. Macho yangu hayapendi kalamu, kwa hiyo nasema na mjukuu wangu Xiaohe anaandika.

Ndugu yangu, miezi mitatu umemwacha mzee mwenzako akitembea na jambo hili kijijini kama jogoo. Unajua Peng wanavyocheka? Hawacheki na kumaliza. Wanacheka, wanakwenda kulala, wakiamka wanaendelea. Nilikwenda kuwaambia mwenyewe, maana kama ni kuchekwa, bora mtu achekwe akiwa amesimama. Walicheka mpaka mkuu wao akakaa chini. Nilipokuwa naondoka alinifuata uchochoroni akaniuliza kwa sauti ndogo kama yule mwalimu wa Nanjing anaweza kumtafutia na yeye tofali la Peng. Nilimwambia aombe kwa adabu. (Hapa Babu amesema neno jingine ambalo Mwalimu Gong amenikataza kuliandika. Xiaohe.)

Nilikasirika sana. Nilipanda kilimani, pale palipokuwa na tanuri za zamani, nikakaa. Nikafikiri habari za huyu Xingba. Hakuwa na lolote. Udongo si wake, kuni si zake, mashua si yake, ukuta si wake. Kitu pekee alichokuwa nacho ni jina, na hilo nalo wakalichukua ili wawe na pa kumshikia. Akaligonga kwenye udongo mbichi kwa mkono wake mwenyewe, akijua. Kisha akalichoma tofali vizuri. Sasa niambie wewe uliyesoma: miaka mia sita wameacha jina lake nje, mvuani, ili yeyote mwenye malalamiko aje. Nani alikuja?

Mfalme angempa heshima, ningeuliza alimhonga nani. Hii ya kwake haikutolewa na mtu.

Nimemwambia seremala aupige randa ubao, amwondoe mfalme, aandike upya. Maneno ni machache na atamaliza mapema, ingawa analalamika kuhusu ubao kupungua unene.

Lori litatoka siku ile ile. Usichinje bata kwa ajili yangu, mimi bata huniumiza tumbo. Watoto wale.

Liao Maotang

(Mwalimu Tao, mimi pia nakushukuru kwa kujibu. Xiaohe.)


Nanjing
29 Machi 1986

Kwa ukoo wa Liao wa Baituling, na kwa wageni wao wa ukoo wa Peng. Barua hii isomwe na Mwalimu Gong Xiuyun ukumbini, siku ya Kufagia Makaburi.

Wazee wangu, akina mama, na ninyi wanafunzi mliokaa mbele,

Mlinialika nije kusimama mbele yenu siku ya leo, na magoti ya mke wangu yamenizuia. Naomba basi sauti ya Mwalimu Gong iwe yangu kwa muda mfupi. Nilimfundisha kusoma mbele ya watu, na sasa anasoma vizuri kuliko mimi.

Vuli iliyopita niliombwa kuuandikia mji wangu utangulizi. Niliuanza kwa wafalme, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Nimezaliwa ndani ya ukuta ule. Utotoni niliteleza juu ya nyasi zake. Nilipokuwa kijana niliuegemea mgongo nikimsubiri msichana aliyechelewa, ambaye hadi leo huchelewa. Siku za jua kali ulinipa kivuli, na siku za upepo ulinikinga. Sikuwahi kumshukuru mtu kwa hayo yote, maana niliamini wa kushukuriwa ni mfalme, naye hakuonekana kuhitaji shukrani zangu. Kumbe waliostahili walikuwa wameandikwa majina yao, kila mmoja, kwenye usawa wa macho yangu, nami nilipita nikitafuta lango.

Watoto wamekwisha kuwasimulia safari, bila shaka kwa chumvi. Naomba kusimulia sehemu moja tu, kwa sababu nilikuwa karibu kuliko wao.

Tulipofika mahali penyewe, Mzee Maotang alitaka kulitafuta tofali bila msaada. Tulimwachia. Alipolipata hakupiga magoti kama nilivyotarajia. Alitoa chupa ya pombe ya mchele, akamimina kidogo chini ya ukuta. Mlinzi akaja mbio akisema kwamba ni marufuku kumwaga kitu chochote kwenye urithi wa taifa. Mzee alimtazama, akamuuliza jina la ukoo wake, kisha akamjazia kikombe. Mlinzi alisita. Alitazama huku na huku, akanywa, akasogea pembeni akasimama nasi, kofia mkononi.

Mzee Maotang aliweka kiganja chake juu ya yale maandishi, akakiacha hapo. Alikuwa akinong'ona, lakini nilikuwa begani kwake, na kwa kuwa hakuwaambia nyinyi, nadhani nina wajibu wa kuwafikishia. Alisema:

“Babu, usishtuke. Ni sisi tu. Hakuna kesi.”

Wazee wangu, nimetoa hotuba nyingi katika maisha yangu, na sijapata kusikia utangulizi wa mji ulio mfupi wala ulio kamili kuliko huo. Septemba nitaombwa tena, kama kila mwaka, kuwakaribisha wanafunzi wapya wa hapa Nanjing. Nitawapeleka ukutani, niwaambie wasome, kisha ninyamaze.

Kwa niaba ya mji uliolala salama nyuma ya kazi ya mikono yenu, pokeeni ahsante iliyochelewa.

Tao Jinghuan

Tena: mwambieni mkuu wa ukoo wa Peng kwamba natafuta. Jana nilipata tofali la Peng, ila limepasuka. Naendelea kutafuta.